Barua ya wazi: Msituambie tungoje jino la tatu huku la pili linang'olewa

KWA: Waheshimiwa wote wenye dhamana ya afya ya kinywa na meno katika mikoa ya Mtwara na Lindi

YAH: WATOTO KUNG'OLEWA MENO YANAYOZIBIKA, NA MAANDALIZI YA TIBA YA KUOTESHA MENO

Waheshimiwa,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari huku uwanda wa Makonde. Kwa muda mrefu mimi na baadhi ya wazazi tumeandika barua za kawaida, tukazipeleka kwa mkono, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na hazikujibiwa. Tulipoomba kuonana na wahusika tulikaribishwa vizuri na kusikilizwa. Jibu tulilopewa mwishoni ndilo lililonifanya nichukue kalamu hadharani. Tuliambiwa wazazi tusiwe na haraka, Wajapani wako mbioni kutoa dawa ya kuotesha meno, na mtoto aliyepoteza gego leo ataotesha jingine akiwa mkubwa. Simtaji aliyelisema wala ofisi yake, maana sina ugomvi na mtu. Nina ugomvi na jibu hilo, kwa kuwa nimelisikia tena kwa wengine, na kwa kuwa somo lenyewe nalifundisha darasani, nikijua linaahidi nini na haliahidi nini.

Habari za Japani ni za kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaozifurahia. Binadamu hupewa meno mara mbili: 20 ya utoto, kisha 32 ya ukubwani, na basi. Wanyama wengi hawako hivyo. Papa anayeshushwa na wavuvi wetu Mikindani au Kilwa ana safu ya meno nyuma ya safu. La mbele likidondoka la nyuma husogea, na hali inakuwa hiyo maisha yake yote. Mamba wa Ruvuma naye hubadilisha. Mwaka 2013 watafiti wa University of Southern California walichapisha walichokiona kwa mamba wa Marekani: chini ya kila jino kuna jino changa linalosubiri, na pembeni yake kuna utando mwembamba wenye seli shina zinazotulia mpaka jino la juu ling'oke. Mamba huyo ana meno yapatayo 80, na kila moja laweza kubadilishwa hata mara 50. Mwaka 2016 wenzao wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa jeni zinazoongoza kazi hiyo kwenye taya la papa nasi tumejaliwa nazo. Kwetu ule utando huvunjika na kutoweka meno ya ukubwani yakishajengwa. Ndiyo maana mzee wangu ni kibogoyo na mamba wa rika lake si kibogoyo.

Hata tembo wanaoingia mashambani Liwale na Nachingwea wana mpaka wao. Kila upande wa taya tembo hupata magego sita kwa zamu, moja likisukuma jingine kutoka nyuma, na la sita likilika kabisa mnyama hufa kwa njaa msitu ukiwa umejaa majani.

Na tuna Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima kile cha Lindi, na wazee wetu wakabeba vichwani mifupa ya dainosari mpaka bandarini, mzigo wa zaidi ya tani 200. Leo ipo Berlin. Watafiti wa huko wameyapiga picha za mionzi mataya ya dainosari mmoja aitwaye Dicraeosaurus, aliyetoka Tendaguru, wakakuta ndani ya mfupa meno mengine yamepangana yakisubiri zamu. Naandika haya mlione jambo: somo la meno yanayoota upya limelala kwenye udongo wa Lindi na kuogelea kwenye bahari ya Mtwara. Hatuna sababu ya kulipokea kama uvumi kutoka mbali.

Sasa nieleze malalamiko yetu.

1. Jibu la "ngojeni" linapotosha wazazi.

Daktari Katsu Takahashi wa Hospitali ya Kitano, Osaka, na wenzake wa Kyoto walijikita kwenye protini iitwayo USAG-1, ambayo kazi yake ni kuzuia chipukizi la jino lisikue. Panya waliokosa protini hiyo waliota meno ya ziada. Mwaka 2021 walichapisha kwamba kingamwili inayoifunga protini hiyo iliwaotesha meno panya waliozaliwa na upungufu, na ikamwotesha jino la ziada fereti, jamaa wa kicheche, ambaye kama sisi huota meno mara mbili. Mwaka 2024 majaribio kwa binadamu yalianza katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume 30 wenye umri wa miaka 30 hadi 64 waliopungukiwa angalau gego moja. Hatua hiyo ilikuwa ya kupima kama dawa ni salama mwilini. Hatua iliyopangwa kufuata ni ya watoto wa miaka 2 hadi 7 waliozaliwa wakiwa na upungufu wa meno manne au zaidi. Watafiti wenyewe wamesema wanalenga mwaka 2030, na lengo ni lengo.

Someni tena nani amewekwa mbele: watoto waliozaliwa bila meno. Mtoto aliyeng'olewa gego kwa sababu kituo hakikuwa na cha kuzibia hayumo kwenye hatua hiyo. Dawa hii haitengenezi jino kutoka hewani, inaamsha chipukizi lililopo. Mkorosho wa zamani ukikatwa vizuri kwenye shina huchipua, kwa kuwa macho yake bado yapo. Ukiung'oa na mizizi, hata uumwagilie vipi, hakuna kitakachotoka. Mzazi anayeambiwa aruhusu gego la mwanawe ling'olewe kwa sababu Japani watalirudisha, anaambiwa jambo ambalo hao Wajapani hawajalisema.

2. Kung'oa ndiyo huduma pekee kwa wengi wetu.

Mtoto akifika miaka sita huota gego la kwanza la ukubwani, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Wazazi wengi hulidhania la utoto na kusema litang'oka lenyewe, kwa hiyo likianza kutoboka hakuna anayeshtuka. Hili ndilo gego linaloharibika mapema kuliko mengine yote ya ukubwani. Na tundu la jino haliponi kama kidonda, kwa sababu seli zilizojenga lile ganda gumu la nje, enameli, hufa jino linapochomoza. Maumivu yakianza mtoto husukutua maji ya chumvi, huwekewa karafuu, hupewa vidonge, hulala darasani kwa sababu usiku hakulala. Mwishowe hupakiwa kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya. Huko hukuta koleo na ganzi, na siku nyingine hata ganzi imekwisha. Anarudi nyumbani na pengo akiwa na miaka tisa au kumi, kisha meno ya jirani huanza kuegemea lile pengo na la juu yake kushuka, na tatizo la jino moja huwa la kinywa kizima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwenye jino, ukuta wenyewe hatuna wa kujengea.

Linaloniuma kuliko yote ni kwamba dawa ya hali hii ilizaliwa hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam waliona kuwa mashine za kukereza meno hazifai vijijini kusiko na umeme wala maji ya bomba. Wakaanza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha kuziba tundu kwa simenti ya meno inayoshika bila mashine. Hakuna kelele, mara nyingi hakuna hata sindano, na kazi inafanyika juu ya meza ya darasa. Dunia iliichukua njia hiyo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza Siku ya Afya Duniani, Aprili 7, 1994. Leo inafundishwa vyuo vya meno Asia na Amerika ya Kusini, na mtoto wa Newala haijui. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu simenti ya glasi ayonoma inayotumika katika njia hiyo, dawa ya meno yenye floraidi, na dawa ya kupaka ya fedha na floraidi, silva daiamini floraidi. Hii ya mwisho hupakwa kwa kibrashi kidogo juu ya sehemu iliyooza, na mara nyingi uozo husimama. Huacha doa jeusi, na mzazi ana haki ya kuelezwa hivyo kabla. Nimewauliza wazazi kadhaa: doa jeusi au pengo? Hakuna aliyechagua pengo.

3. Watoto waliozaliwa na upungufu wa meno hawaandikwi popote.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye uhusiano wa moja kwa moja na hiyo tiba mliyotutajia.

Kila mwalimu aliyekaa shuleni miaka kadhaa amewaona. Mtoto ambaye meno ya utoto yalitoka lakini ya ukubwani mengine hayakuja kamwe. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, akashonwa vizuri na madaktari, lakini jino la karibu na mshono halikuota. Na wapo wachache wenye hali nzito zaidi: nywele haba, ngozi kavu, meno mawili matatu yaliyochongoka, na mwili usiotoa jasho. Huo ni ugonjwa wa kurithi unaogusa kwa pamoja ngozi, nywele, tezi za jasho na meno, na hasa huwapata wavulana, ambao huurithi kupitia kwa mama asiyeonyesha dalili nyingi. Kwenye joto la Lindi la mwezi Desemba mtoto asiyetoa jasho anaweza kupata homa kali akicheza tu juani. Nimesikia majirani wakitafuta mchawi. Nimeona mama akinyooshewa kidole na upande wa mume. Mama huyo hakumfanyia mtu lolote, na karatasi moja tu ya daktari yenye jina la ugonjwa ingemwondolea mzigo huo.

Hawa ndio watoto ambao tiba ya Kyoto imewalenga kwanza. Basi nauliza, Waheshimiwa: siku dawa hiyo ikithibitishwa na kuruhusiwa, tutawapata wapi? Nani ana orodha yao? Nani amewapiga picha ya taya akajua chipukizi lipi lipo na lipi halipo? Umri unaotajwa ni miaka 2 hadi 7, na ukishapita hivi sasa haijulikani mlango utakuwa wazi kiasi gani. Mtu anayeamini kweli kwamba dawa inakuja angekuwa tayari ameshaanza kuwaandika.

4. Vichipukizi vya watoto wachanga vinachimbwa.

Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu mtoto mchanga akipata homa na kuhara husemwa ana meno ya plastiki. Kile kinachoonekana cheupe kwenye ufizi ni chipukizi la chonge, na huchimbuliwa kwa spoku ya baiskeli, msumari au wembe. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, wengine hufa, na chipukizi la chonge la ukubwani lililo jirani huharibika. Wanasayansi wanahangaika usiku na mchana kuliamsha chipukizi, huku kwetu linafukuliwa na kutupwa. Kliniki za mama na mtoto ndipo mahali pa kulisemea hili, kila wiki, mpaka lieleweke.

5. Matapeli wameshaanza.

Minadani na kwenye simu watu wanauziwa mafuta na unga wa kuotesha meno, wauzaji wakitaja Japani kama ushahidi. Mpaka ninapoandika hakuna dawa ya kuotesha meno inayouzwa popote kihalali. Neno hilo linapaswa kutoka kwenu, kwa redio za mikoa yetu, kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine tumeshapewa.

Mtasema bajeti ni ndogo. Ndiyo maana sikuomba viti vya umeme wala mashine za kukereza. Nimeomba vifaa vya mkono vinavyochemshwa na kutumika tena, simenti, na chupa ndogo za dawa ya kupaka. Picha za taya zinahitaji mashine, nakubali, lakini hospitali kubwa za mikoa hii miwili zina uwezo wa kupanga siku maalumu za watoto hao, ambao si wengi.

Mtasema wataalamu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, na ndiyo sababu njia ile ilibuniwa. Tabibu wa meno mmoja aliyefunzwa vizuri anaweza kuzunguka shule za tarafa nzima kwa zamu. Shule zetu zina meza, zina mwanga wa dirishani, na zina watoto waliokusanyika pamoja. Walimu tupo tayari kuandaa orodha na kukusanya ridhaa za wazazi.

Mtasema watu wa Kusini hawajali meno, huja mambo yakiwa yameharibika. Hili silikubali. Kwenye uwanda huu wazee wa Kimakonde walichonga meno yao kwa urembo na kwa kutambulika, na walivumilia maumivu yake. Watu waliolipa meno heshima ya namna hiyo hawawezi kuambiwa hawayajali. Wanachelewa kwa sababu wanajua wanachokwenda kukikuta ni koleo. Nani ana haraka ya koleo?

Na mtasema utafiti ni wa nchi tajiri. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kipo Mtwara. Watafiti wa kituo hicho wametoa aina bora za korosho zilizobadilisha mashamba yetu, wakiwa hapahapa, kwenye udongo huu wa kichanga. Kama utafiti wa korosho umeweza kuwa na makao Mtwara, na njia ya kuziba meno bila umeme imeweza kuzaliwa Dar es Salaam, sioni kwa nini mataya ya papa yanayotupwa ufukweni yasifike kwenye maabara za shule zetu, wala kwa nini wanafunzi wa meno wa Muhimbili wasiletwe Lindi na Mtwara kuhesabu na kuchunguza watoto wenye upungufu wa meno.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inakadiria kuwa karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na wengi wao wako nchi za kipato cha kati na cha chini. Hatuko peke yetu katika tatizo hili, ila kwenye hilo la kuziba tulikuwa wa kwanza kupata jibu.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, kila kituo cha afya katika mikoa hii kiwe na simenti, vifaa vya mkono na dawa ya kupaka ya floraidi, na watumishi wafundishwe kuvitumia. Kianze kimoja kila wilaya, tuanzie hapo. Gego la ukubwani la mtoto lising'olewe mpaka mzazi aelezwe kama linazibika na wapi linazibwa.

Pili, lifunguliwe daftari la watoto wenye upungufu wa meno wa kuzaliwa, kuanzia shule za awali na kliniki za mama na mtoto, wapigwe picha ya taya, na familia zenye ule ugonjwa wa kurithi zielezwe kwa maandishi mtoto ana nini na namna ya kumkinga na joto.

Tatu, kuziba meno ya watoto kuwekwe wazi kwenye mafao wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatekelezwa huku kwetu, mzazi ajue kabla ya kupanda bodaboda kwamba analipiwa.

Nne, itolewe kauli rasmi redioni kuhusu dawa ya kuotesha meno: imefika hatua gani, inalenga nani, na kwamba anayeiuza leo ni tapeli. Kauli hiyohiyo iguse meno ya plastiki.

Tano, jibu la "ngojeni Wajapani" lisitolewe tena kwa mzazi yeyote.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kamati yetu ya wazazi na walimu iko tayari kukutana nanyi siku yoyote ya Jumamosi, katika shule yoyote mtakayoichagua kati ya Newala, Masasi, Nachingwea na Lindi, na tutakuja na majina ya watoto ambao tayari tumewaandika kwa ridhaa ya wazazi wao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Baiolojia, Newala
kwa niaba ya kamati ya wazazi na walimu

Nakala: Waheshimiwa Wabunge na Madiwani wa mikoa ya Mtwara na Lindi, kamati za shule, wazazi wote